Hatua Tatu Kushoto

Tulilipwa kwa mita.
Mita moja, kina cha kiuno changu, shilingi themanini,
na mwamba ulihesabiwa sawa na udongo
kwa sababu aliyeandika mkataba
hakuwahi kuchimba hata shimo la mgomba Maragoli.

Kiboswa hadi Majengo ardhi ilikubali.
Kufika Mbale, jiwe,
jiwe pana kama ua wa mtu.
Tuliliwashia moto usiku kucha, alfajiri tukalimwagia maji,
likasema ta! Mita moja.

Msimamizi wetu, Adagala, akakata kipande cha waya,
akamenya ganda kwa meno kama muwa,
akatoa uzi. "Hiki ni kioo."
Tukacheka. Kioo gani kinapindika kama unywele wa mtoto?
"Humu utapita mwanga," akasema, "na ndani ya mwanga, maneno."
Endovo akauliza kama maneno hulowa mvua ikinyesha.

Adagala alisomea ufundi Kisumu, alipenda kueleza.
Alisema mwanzo kabisa, ng'ambo,
mashine mbili zilijaribu kusalimiana.
Herufi ya kwanza ikatumwa. Ikafika.
Ya pili. Ikafika.
Ya tatu, mashine ikazimia.
"Herufi mbili tu ndizo zilizozaa haya yote."
Nikatema mate viganjani, nikarudi kwenye sururu.

Mfereji ulielekea kaburi la nyanya Kageha.
Nikaupinda. Hatua tatu kushoto.
Hakuna aliyeniagiza,
hakuna aliyenilipa mita za kona.

Tukafukia. Nyasi ikaota.
Mwanga ukapita langoni kwangu miaka tisa
kama bibi harusi wa nyumba nyingine:
vigelegele unavisikia, sahani huioni.

Siku hizi umeingia. Huingia kwa shilingi ishirini;
Kavochi hununua bando kabla ya chumvi.
Anaulizia bei ya majani chai,
anawakemea wanachama wasiolipa,
na usiku anamtazama Imali huko Doha
akikunja mashuka ya watu.
"Mama, umekonda."
"Ni simu yako inayonikondesha."
Kijana wetu ameunda kiangulio cha mayai
kwa kufuata mikono ya mtu asiyemjua,
katika lugha asiyoijua.
Vifaranga kumi na saba. Wa kumi na nane hakuwa na macho.
Tulipomzika Endovo, ndugu zake walitazama kutoka Minesota;
katikati ya wimbo picha ikaganda,
wakabaki vinywa wazi
hata udongo ulipokwisha.

Mimi nilikwenda kusajiliwa upya pale Mbale.
Binti wa dirishani akasema, weka kidole.
Nikaweka.
"Kipanguse, mzee." Nikapangusa.
"Jaribu kingine."
Vyote kumi.
Mashine haikuona mtu.
Sururu ilikuwa imekula mistari yangu yote,
imeifukia mahali fulani
kati ya Majengo na Chavakali.

Basi Jumanne tingatinga la barabara likaukata waya,
likaufunika tena kwa kifusi, likaenda zake.
Soko zima likainua simu juu, likizigeuzageuza.
Mwenye duka la mbolea akakumbuka daftari.
Mafundi wakaja na ramani,
na ramani ilikuwa na mstari mnyoofu kama rula,
wakachimba, udongo mtupu, saa tano,
wakachimba, udongo mtupu, saa saba.

Nikavuka barabara.
"Hatua tatu kushoto," nikawaambia.
"Hapo mlipo kuna nyanya."

Walipoufunua nikapiga magoti,
nikaiinamia ncha ya ule uzi
ili angalau mara moja niuone.
Fundi mdogo akanivuta bega:
"Usiangalie, mzee. Mwanga wake hauonekani,
lakini unachoma jicho."

Nikafumba jicho moja.
Lile lingine
nikaliacha wazi kidogo.